SOMO: Fimbo ya Mithali na fimbo ya Oldeani



Katika kikao cha wazazi wa shule ya awali ya mtaa mmoja hapa Oldeani, mzee wa kanisa alisimama kutetea viboko. Alisema kwa Kiingereza, "Spare the rod and spoil the child", akaongeza kuwa ndivyo Biblia inavyosema. Tulifungua Biblia, hatukuiona sentensi hiyo. Haimo. Maneno hayo yalienezwa na Samuel Butler, mshairi wa Uingereza wa karne ya 17, katika shairi lake la kejeli, Hudibras. Na mle mazungumzo ni ya mapenzi ya watu wazima, si ya malezi!

Maana yake ni kwamba ukimnyima mtoto fimbo utamharibu. Wengine hudhani "spare" hapa ni kuweka akiba. Sivyo, ni kuacha kutumia. Sisi tunayo "mchelea mwana kulia, hulia yeye", lakini angalieni, methali yetu haitaji fimbo popote.

Andiko lililo karibu ni Mithali 13:24, linalomtaka baba ampendaye mwanawe amrudi mapema. Neno la Kiebrania la fimbo hiyo ndilo lililotafsiriwa "gongo" katika Zaburi 23:4, na pale linafariji. Sisemi kwamba Mithali haijui kuchapa. 23:13 inasema wazi. Ila wafugaji wetu wanajua kwamba fimbo hiyo hiyo humwonyesha ndama njia. (Na fimbo hazitupungukii: jina Oldeani latokana na neno la Kimaasai la mwanzi.)

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe daftarini. Tuliomba daftari. Halikuwapo. Mama mmoja akasema mwanawe ana wiki ya pili haendi shule, na nyumbani anauficha mkono.

Nakiri kwamba nami nilikuwa nimeandika rasimu ya barua kwa mfadhili aliyeuliza juu ya adhabu, nikatumia maneno yale yale ya Kiingereza, nikidhani yatatueleza vizuri. Niliifuta. Barua mpya ilieleza kilichotokea, pamoja na uamuzi wa kamati kwamba mwalimu asiingie tena darasani na fimbo. Mtoto alirudi Jumatatu iliyofuata, akisindikizwa na mama yake.