Nunua Mwanga, Usinunue Wati: Namna ya Kuchagua Taa za Nyumbani na Kazini

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walisafiri kwa miezi wakibeba nguo, shanga na pembe za ndovu. Mwenye msafara alikuwa na hesabu mbili: posho iliyoliwa njiani, na mzigo uliofika salama. Hapakuwa na mfanyabiashara aliyejivunia msafara kwa sababu ulikula posho nyingi.

Mtumiaji anayeingia dukani leo na kuomba "taa ya wati nyingi" anafanya kinyume cha hesabu hiyo. Wati ni umeme ambao taa inakula; hiyo ndiyo posho. Lumeni ni mwanga ambao taa inatoa. Huo ndio mzigo uliofika. Somo hili linamwezesha mtumiaji kununua mzigo mkubwa kwa posho ndogo.

Aina tatu za taa

1. Globu ya zamani yenye waya unaowaka. Ya wati 60 hutoa lumeni kati ya 700 na 800, na hudumu kwa takriban saa 1,000. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme wake hugeuka kuwa joto.

2. Taa ya mrija uliopindwa, ambayo wengi huiita enejiseva. Hutoa mwanga kama huo kwa wati 14 hivi, na hudumu kwa saa 6,000 hadi 10,000. Ndani yake mna zebaki kidogo, ambayo ni sumu.

3. Taa ya LED. Hutoa mwanga huohuo kwa wati 8 au 9. Iliyotengenezwa vizuri hudumu kwa saa 15,000 au zaidi, wala haina zebaki.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano wa nyumba ya mtaa wa Isevya, mjini Tabora, yenye taa sita zinazowaka saa tano kila usiku. Zikiwa globu za wati 60, kwa siku 30 zitatumia uniti 54. Zikiwa LED za wati 9, zitatumia uniti 8.1 tu.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Agizo la bei la mwaka 2016 liliweka shilingi 100 kwa uniti kwa mteja wa kundi la D1, yaani mwenye nyumba anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kwa mteja wa kundi la T1 bei iliwekwa kuwa shilingi 292. Bei zote mbili ni kabla ya kodi na tozo.

Sasa tuseme familia hiyo imenunua friji dogo linalotumia uniti moja kwa siku. Kwa globu za zamani, taa na friji pekee hufikisha uniti 84, na familia imevuka kiwango cha D1 kabla ya kupiga pasi au kuwasha televisheni. Kwa LED, taa na friji hutumia uniti 38.1, na zinabaki karibu 37 kwa mahitaji mengine. Familia ni ileile, na usiku wao una mwanga uleule.

Asiyeweza kubadili taa zote kwa pamoja aanze na ile inayowaka kwa saa nyingi zaidi, ambayo mara nyingi ni ya sebuleni au ya nje ya mlango. Taa ya stoo inayowashwa kwa dakika chache inaweza kusubiri.

Kusoma boksi la taa

Kabla ya kulipa, angalia mambo haya:

• Lumeni. Chumba cha kulala au ukumbi mwembamba hutosheka na 400 hadi 500. Sebule ya kawaida huhitaji 800 au zaidi.

• Lumeni zikigawanywa kwa wati. LED nzuri hutoa lumeni 80 hadi 100, au zaidi kidogo, kwa kila wati. Boksi lisiloonyesha lumeni kabisa, au linalodai lumeni 3,000 kwa wati 15, lisikushawishi kwa bei yake ndogo.

• Rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa herufi K. 2700K hadi 3000K ni mwanga wa manjano tulivu. 6500K ni mweupe mkali. Weupe si dalili ya kubana matumizi. Ni suala la chaguo.

• Volti. Umeme wa nchini ni wa volti 230. Mahali ambapo nguvu yake hupanda na kushuka, chagua taa inayostahimili wigo mpana, kwa mfano 170 hadi 250.

• Kitako, kama ni cha pini au cha kuzungusha, kilingane na kishikizo chako.

• Jina la mtengenezaji, alama ya ubora ya TBS na muda wa dhamana. Iwashe taa dukani, kisha udai risiti.

Mahali pa kazi

Fundi cherehani anayeshona usiku anahitaji mwanga unaofika kwenye kitambaa, hata kama dari halina mwanga mwingi. Kipimo cha mwanga unaofika mezani huitwa luksi: kazi ya ofisini huhitaji 500 hivi, na ushonaji 750. Mwanga hupungua upesi kadiri taa inavyokuwa mbali, hivyo taa ndogo iliyo karibu na sindano hufaa kuliko kubwa iliyo juu. Anayechagua rangi za vitambaa atafute pia alama ya Ra au CRI ya 80 au zaidi. Ikifika 90 ni bora.

Ofisi na maduka yenye mirija ya zamani ya wati 36 yanaweza kuweka ya LED ya wati 18. Kwa kuwa huenda nyaya zikahitaji kubadilishwa, kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Tusisahau jua. Nyumba za tembe, kama lile la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872, zilijengwa kwa kuta nene za udongo. Kuta hizo hupunguza joto, lakini vyumba hubaki na giza. Katika nyumba ya namna hiyo, rangi nyeupe ukutani na dirisha lisilozibwa huchelewesha saa ya kuwasha taa. Futa pia vumbi kwenye taa zilizozimwa na kupoa.

Tahadhari

Enejiseva ikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani kwa dakika 15, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio wala mikono mitupu. Ukiuziwa taa bandia au isiyofikia ubora, hifadhi boksi na risiti, kisha toa taarifa TBS au Tume ya Ushindani.

Zoezi

Leo usiku hesabu taa za nyumbani mwako, andika wati za kila moja na saa inazowaka. Zidisha, jumlisha, gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa 30. Jibu ni uniti zinazoliwa na taa kwa mwezi. Lilinganishe na uniti unazonunua kwenye LUKU, nawe utajua posho yako inakwenda wapi.