Uvumilivu mbele ya kompyuta

Ukiweka mfumo wa Ubuntu (jina la Kizulu, ndugu wa neno letu "utu") kwenye kompyuta ya parokia iliyozoea Windows, hatari si kukwama. Hatari ni hasira ya kukwama mara ya tatu. Hapo mtu anabonyeza tu chaguo la kufuta diski nzima, na orodha ya ubatizo inakwenda nayo. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba uvumilivu huilinda akili isishindwe na huzuni. Kumbe kuvumilia si kung'ang'ania kubonyeza! Ni kusoma ule ujumbe wa kosa taratibu, neno kwa neno, mafaili yakiwa yameshanakiliwa kwenye flashi.