KONGOSHO-PETE: KASORO ADIMU YA KUZALIWA, TIBA YAKE NA MZIGO WA ISTILAHI

Utangulizi

Kiswahili hutofautisha kucheua na kutapika. Mtoto mchanga aliyeshiba hucheua: maziwa kidogo humtoka kinywani pasipo kujikamua, naye huendelea kulala au kunyonya kama kawaida. Kutapika ni jambo jingine. Kilichomo tumboni hutoka kwa nguvu na kwa wingi, na mtoto huonyesha dhiki. Mzazi aliyekua katika lugha hii huijua tofauti hiyo kabla ya kuingia hospitalini. Hata hivyo, kuna tofauti ya pili ambayo wengi hawaizingatii, nayo ni rangi ya matapishi. Matapishi ya kijani kwa mtoto wa siku moja au mbili ni hali ya dharura, na miongoni mwa mambo yanayoweza kuyasababisha ni kasoro adimu inayoitwa hapa kongosho-pete.

Makala haya yananuia kueleza kasoro hiyo, chanzo chake, dalili zake na namna inavyotibiwa. Aidha, yanachunguza istilahi zinazohitajika ili maelezo hayo yamfikie mzazi anayetakiwa kutoa idhini ya upasuaji. Hoja kuu ni kwamba istilahi yenye taswira humsaidia msikilizaji kuuona ugonjwa, lakini taswira iyo hiyo inaweza kumpotosha kuhusu tiba. Kwa hiyo, kazi ya mwanaistilahi haikomi pale neno linapopatikana.

Kongosho na mahali pake

Kongosho ni tezi iliyolala kwa kukingama nyuma ya tumbo la chakula, kuanzia upande wa kulia wa mwili hadi karibu na wengu. Kazi zake ni mbili. Kwanza, hutoa vimeng'enya vinavyosaga wanga, protini na mafuta. Pili, huingiza katika damu homoni zinazodhibiti sukari, zikiwemo insulini na glukagoni.

Vimeng'enya hivyo humiminika katika duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Mrija wa nyongo kutoka kwenye ini nao humwagia humo. Duodeni imepinda mfano wa herufi C, na kichwa cha kongosho kimekaa ndani ya mpindo huo. Kwa kawaida, basi, duodeni ndiyo inayolikumbatia kongosho. Katika kasoro inayojadiliwa, mambo hupinduka: kongosho ndilo linaloikumbatia duodeni, kwa utepe wa nyama yake unaoizunguka pande zote au sehemu tu. Utepe huo ukibana, chakula hakipiti.

Chanzo cha kasoro

Kongosho halianzi likiwa moja. Takriban juma la tano la mimba, machipukizi mawili hujitokeza kwenye utumbo wa kiinitete, moja upande wa mgongoni na jingine upande wa tumboni. Duodeni inapojizungusha, chipukizi la tumboni huvutwa likapitia nyuma yake na hatimaye kuungana na lile la mgongoni, yapata juma la saba. Muungano huo ndio unaozaa kongosho moja.

Safari hiyo isipokamilika ipasavyo, nyama ya kongosho hubaki imeizingira duodeni. Namna hasa jambo hili linavyotokea imejadiliwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1910 Lecco alipendekeza kuwa ncha ya chipukizi la tumboni hunata kwenye ukuta wa duodeni, hivyo chipukizi hunyooka na kuwa utepe wakati wa mzunguko. Mwaka huo huo Baldwin alitoa maelezo mengine. Kwa mujibu wake, chipukizi la tumboni huwa na pande mbili, na upande wa kushoto, ambao hustahili kutoweka, huendelea kukua. Nadharia zote mbili zingali zinatajwa na wataalamu. Kasoro yenyewe ilikuwa imeelezwa na Tiedemann mwaka 1818, na Ecker akaipa jina la kitabibu lenye maana ya pete mwaka 1862.

Ifahamike kwamba hakuna chakula, kazi wala mwenendo wa mama unaojulikana kuisababisha kasoro hii. Jambo hili linafaa kutamkwa waziwazi, kwa sababu katika jamii nyingi mtoto anapozaliwa na kasoro, lawama humwangukia mama kabla hajatoka kitandani.

Dalili

Dalili hutegemea kiasi cha kubanwa. Kwa watu wazima, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 5 na 15 katika kila 100,000, na wengi wao huishi bila kujua. Wengine hupata dalili ukubwani: kushiba upesi, maumivu ya tumbo la juu, kutapika, vidonda vya tumbo, uvimbe wa kongosho, na mara chache umanjano wa macho na ngozi.

Kwa mtoto mchanga aliyebanwa sana, dalili huja mapema. Hata kabla ya kuzaliwa, maji yaliyomo katika chupa ya uzazi yanaweza kuzidi, kwa kuwa kijusi huyameza maji hayo lakini hayapiti ipasavyo kwenda mbele katika utumbo. Baada ya kuzaliwa, mtoto hutapika tangu saa au siku za mwanzo. Sehemu ya juu ya tumbo inaweza kufura huku ya chini ikiwa imebonyea. Kupata choo cha kwanza hakuthibitishi kwamba njia i wazi, maana choo hicho huweza kuwa kilitangulia kukusanyika chini ya mahali palipobanwa.

Matapishi huwa ya kijani iwapo njia imezibwa chini ya mlango wa nyongo. Iwapo imezibwa juu yake, mtoto hutapika maziwa matupu. Kwa hiyo, kutokuwepo kwa ukijani hakuondoi shaka, bali kuwepo kwake hudai hatua ya papo hapo. Sababu ni kwamba matapishi hayo yanaweza pia kutokana na utumbo uliojisokota, hali ambayo hukata mkondo wa damu na kuweza kuua utumbo kwa muda wa saa chache. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wingu hili halingojewi linyeshe.

Aghalabu kasoro hii haiji peke yake. Huandamana na sindromu ya Down, kasoro za moyo, kuziba kwa duodeni yenyewe au kukaa vibaya kwa utumbo. Kwa sababu hiyo, daktari huupima mwili mzima wa mtoto.

Utambuzi

Kipimo cha kwanza kwa mtoto mchanga ni picha ya eksirei ya tumbo, ambayo hupatikana hata katika hospitali nyingi zisizo kubwa. Hewa iliyomezwa huonekana kama mapovu mawili: moja ni tumbo la chakula na la pili ni duodeni iliyotanuka. Iwapo hakuna hewa zaidi ya hapo, yamkini njia imezibwa kabisa. Hewa kidogo ikionekana mbele, imezibwa kwa sehemu, na huenda mtoto akanyweshwa dawa inayong'aa katika picha ili njia ionekane na kusokoteka kwa utumbo kutafutwe. Mapovu hayo mawili huweza kuonekana hata wakati wa ujauzito kwa ultrasaundi.

Hata hivyo, picha hiyo husema tu kwamba duodeni imeziba. Haisemi kilichoiziba. Mara nyingi pete ya kongosho huthibitishwa na jicho la mpasuaji. Kwa watu wazima, skani za CT na MRI huweza kuuonyesha utepe huo.

Matibabu

Upasuaji si hatua ya kwanza. Kwanza mtoto huimarishwa. Husimamishwa kunyonya, na mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni ili kuyatoa maji na hewa, asije akatapika na kuvuta matapishi mapafuni. Hupewa maji, chumvi na sukari kupitia mshipa, hutunziwa joto, na moyo wake hupimwa. Endapo kuna shaka ya utumbo kujisokota, maandalizi haya hufupishwa.

Baada ya hapo huja upasuaji, na hapa ndipo msikilizaji hushangaa: pete haikatwi. Zipo sababu tatu. Kwanza, ndani ya utepe huo huweza kupita mrija wa kongosho. Ukikatwa, vimeng'enya huvuja tumboni na kuchoma viungo vya jirani. Pili, nyama ya utepe huweza kuwa imejisuka katika ukuta wa duodeni, hivyo kuitenganisha ni kuutoboa utumbo. Tatu, mara nyingi duodeni yenyewe huwa nyembamba mahali hapo, kwa hiyo hata pete ikiondolewa, njia hubaki imebana.

Mpasuaji huchepusha njia. Huichukua sehemu ya duodeni iliyo juu ya pete na kuiunganisha na ile iliyo chini yake, chakula kikapita mbele ya kizuizi bila kukigusa. Tangu Kimura na wenzake walipochapisha mbinu yao mwaka 1977, wapasuaji wengi hukata upande wa juu kwa kukingama na wa chini kwa urefu, kisha huzishona kingo hizo hata tundu likawa na umbo la uru wa karata. Umbo hilo husaidia tundu kubaki wazi. Wazo la kuchepusha lina umri mkubwa zaidi: mwaka 1905 Vidal aliunganisha tumbo la chakula na utumbo wa mbele katika upasuaji unaotajwa kuwa wa kwanza kufaulu kwa kasoro hii.

Baada ya upasuaji, duodeni iliyokuwa imetanuka huchukua siku kadhaa, pengine majuma, kabla ya kusukuma chakula vizuri. Mtoto huendelea kulishwa kupitia mshipa au mpira, kisha hurejeshwa kwenye maziwa kidogo kidogo. Katika vituo vyenye vifaa na wauguzi wa kutosha, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 wenye kuziba kwa duodeni huishi. Wanaofariki hukumbwa zaidi na kasoro za moyo au uzito mdogo wa kuzaliwa kuliko upasuaji wenyewe. Kuchelewa kufika hospitalini huyazidisha madhara.

Kwa mtu mzima asiye na dalili, pete huachwa ilivyo. Mwenye dalili za kuziba hufanyiwa mchepuko, ama kutoka kwenye duodeni au kutoka kwenye tumbo la chakula kwenda utumbo wa mbele.

Mzigo wa istilahi

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na juhudi za aina hiyo zimewapa wahudumu msingi mzuri. Hata hivyo, kamusi hutoa neno, nalo neno hufanya kazi mdomoni mwa mtu. Yafuatayo yanastahili kuzingatiwa.

(i) Kongosho-pete. Istilahi hii ni fupi na huchora umbo mara moja. Ila pete ya kidoleni huvuliwa, na ikikwama hukatwa kwa sonara. Mzazi anayeambiwa kuna pete atatarajia itolewe, na akisikia baadaye kwamba imeachwa ndani, anaweza kudhani kwamba kazi haikukamilika. Istilahi hii sharti iandamane na maelezo kwamba pete hii ni nyama hai.

(ii) Mchepuko. Neno hili limezoeleka katika ujenzi wa barabara. Kila msafiri anajua kwamba daraja lisipopitika, magari hupitishwa kando. Kwa hiyo, neno hili huibeba tiba vizuri kuliko neno lolote la kigeni.

(iii) Nyongo. Katika mazungumzo ya kawaida, kutapika nyongo huchukuliwa kuwa sehemu ya homa, jambo la kupita. Kadhalika neno mchango hutumiwa kwa maradhi mengi ya tumbo. Kwa mtoto mchanga, mazoea haya ni hatari. Ni heri mhudumu aitaje rangi, yaani kijani, kuliko kulitaja jina la kiowevu.

(iv) Kasoro. Neno hili linafaa kuliko kilema, kwa kuwa kilema hudokeza hali ya kudumu, ilhali mtoto huyu anaweza kutibiwa na kukua kama wenzake.

Kwa kuzingatia hayo, maelezo ya muuguzi yanaweza kuwa hivi: "Mama, njia ya chakula cha mtoto imebanwa na nyama ya kiungo kiitwacho kongosho. Alizaliwa nayo, wala si kosa lako. Nyama hiyo ina kazi mwilini, kwa hiyo hatutaikata. Tutamtengenezea njia nyingine ya kando. Atakaa siku kadhaa bila kunyonya, nasi tutamlisha kwa mshipa." Sentensi hizi hazina istilahi ngumu hata moja, lakini zimebeba ugonjwa, chanzo, tiba na matarajio.

Hitimisho

Kongosho-pete ni kasoro adimu, na yawezekana muuguzi akamaliza miaka mingi kazini bila kukutana nayo. Lakini somo lake si adimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha anayoielewa. Idhini iliyotiwa sahihi pasipo kueleweka ni wino mtupu.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi hapa. Wanaweza kushirikiana na wenzao wa vitivo vya tiba kuandaa maelezo mafupi ya upasuaji wa watoto, kuyasoma mbele ya wazazi, na kurekebisha kila neno linaloeleweka visivyo. Uundaji wa istilahi utakuwa umetimiza wajibu wake pale mama atakapoweza kumweleza baba wa mtoto, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini pete imeachwa mahali pake na mtoto wao amepona.