Kufundisha Hesabu za Bei kwa Kazi ya Kusafisha Makochi

Somo la faida na hasara limezoeleka kufundishwa kwa machungwa. Mchuuzi hununua machungwa kumi kwa bei fulani, huyauza kwa bei nyingine, na mtoto hutakiwa kutoa ndogo katika kubwa. Mfano huo haukosi manufaa, lakini una upungufu mmoja: bei ya kununulia imekwisha kutajwa. Katika kazi ya mikono bei ya kununulia haitajwi na mtu yeyote; ni lazima itafutwe. Na watoto wengi mtakaowafundisha katika wilaya za Kasulu na Kibondo watauza kwanza kazi ya mikono yao kabla ya kuuza bidhaa yoyote. Hapo ndipo mtu hupunjwa, na mara nyingi anayempunja ni yeye mwenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufundisha hesabu hizo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa kutumia kazi ya kusafisha makochi na viti vilivyovikwa kitambaa, vya nyumba za wageni, mikahawa na ofisi. Kazi hii si ngeni katika mazingira yetu. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa maelfu. Huduma za wakimbizi zilileta ofisi na wageni wa kulala katika miji ya Kasulu na Kibondo, na palipo na ofisi na wageni pana viti vya kukalia. Tena vumbi jekundu la nyanda zetu wakati wa kiangazi halichagui kiti cha tajiri wala cha maskini.

Mwalimu hana haja ya kuleta kochi zima darasani. Mto mmoja wa kochi watosha, pamoja na ndoo, chupa ya lita moja, brashi laini, vitambaa viwili vyeupe, sabuni, saa, na mizani ya kuazima dukani. Yafaa mwalimu ajaribu kazi hii mwenyewe siku moja kabla ya somo.

Kwanza watoto wautazame mto. Ni kitambaa gani? Makochi ya kiwandani mara nyingine huwa na kipande cha nguo kilichoshonewa chini chenye herufi: W maana yake kiti husafishwa kwa maji; S, kwa dawa isiyo na maji; WS, kwa njia zote mbili; na X, kwa kuondoa vumbi tu. Lakini makochi mengi ya kwetu ni kazi ya maseremala wa hapa hapa, na hayana herufi yoyote. Hivyo mwalimu awaonyeshe jaribio la mafundi: achomoe uzi mmoja kwenye mshono uliofichika, auchome kwa kiberiti mbele ya darasa. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Sufu hunuka kama nywele. Nyuzi za viwandani huyeyuka na kuganda kama shanga. Jaribio hili hufanywa na mwalimu peke yake. Awaonye pia watoto juu ya desturi mbili za hatari: kufuta madoa ya mafuta kwa petroli ndani ya chumba, na kuchanganya dawa ya klorini na dawa nyingine za kusafishia choo, mchanganyiko unaoweza kutoa hewa ya sumu.

Kisha kazi yenyewe. Vumbi huondolewa kabla ya maji, kwani vumbi lililolowa huwa tope. Sabuni hujaribiwa mahali pasipoonekana ili kuona kama rangi inachuja. Baada ya hapo sabuni na maji hupigwa mpaka yatoe povu, na povu peke yake ndilo linalopakwa kwa brashi. Maji hubaki ndooni. Kitambaa chenye unyevu hufuata kuondoa sabuni, kwa maana sabuni inayobaki hunasa uchafu mpya, na kiti huchafuka upesi kuliko mwanzo. Mwisho hupitishwa kitambaa kikavu.

Hapa mwalimu asiharakishe. Agawe darasa makundi mawili, kila kundi na mto wake, moja lisafishe kwa povu na jingine kwa kumwagia maji. Mito ipimwe kwa mizani kabla na baada ya kazi. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, watoto watajua kiasi cha maji kilichofichika ndani ya sponji: mto uliokuwa kilo 2 ukawa kilo 3½ umebeba lita 1½. Mito yote miwili iwekwe kivulini penye upepo, ipimwe tena kila baada ya saa mbili, na vipimo viandikwe ubaoni mpaka urudi uzito wa kwanza. Jedwali hilo ndilo kiini cha somo. Mwenye nyumba ya wageni ambaye chumba chake kina kochi bichi linalonuka hawezi kukipangisha usiku ule. Hasara yake ya usiku mmoja yaweza kuzidi malipo yote ya msafishaji. Mteja wa nyumbani atasubiri kesho. Mteja wa biashara ananunua usafi pamoja na saa ya kurudishiwa kiti, na saa hiyo hubadilika kwa majira. Kiangazi viti huwa vichafu zaidi lakini hukauka upesi. Mvua zinapoanza, vumbi hupungua lakini unyevu hukaa ndani ya sponji.

Baada ya vipimo ndipo watoto waanze hesabu. Tuseme nyumba ya wageni ina viti 12 vya mtu mmoja na makochi 4 ya watu watatu. Waulize kazi ni kubwa kiasi gani. Wengi watajibu viti 16. Waongoze wahesabu nafasi za kukalia, ambazo ni 24, kwa sababu brashi haihesabu viti, hupita juu ya nafasi. Tuseme tena kwamba darasa limepima na kuona nafasi moja huchukua dakika 25 na lita 2 za maji. Bei zifuatazo ni za ubaoni tu. Mwalimu aweke zile za soko lake.

Dakika 25 mara 24 ni dakika 600, yaani saa 10 za kazi. Kwa shilingi 1,500 kila saa, ujira ni shilingi 15,000. Sabuni ya shilingi 150 kwa kila nafasi ni shilingi 3,600. Maji ni lita 48, sawa na madumu 2.4 ya lita 20. Lakini hakuna auzaye sehemu ya dumu, basi ni madumu 3 kwa shilingi 300, jumla 900. (Huu ni wakati mzuri wa kuonyesha kwamba kukadiria namba kwa kanuni ya kitabuni hakufai kila mahali.) Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000. Brashi na vitambaa vya shilingi 6,000 vinavyotosha nafasi 120 huchakaa kwa shilingi 50 kila nafasi, jumla 1,200. Zitengwe shilingi 1,300 kwa kurudia mahali patakapokataliwa na mteja. Gharama yote ni shilingi 26,000. Tukiongeza faida ya 4,000, bei ni shilingi 30,000, au 1,250 kwa nafasi.

Sasa mwalimu afute ubaoni ujira, uchakavu na akiba, abakize vile tu ambavyo fedha yake ilitoka mfukoni: sabuni, maji na nauli. Jumla ni shilingi 8,500. Kijana anayehesabu hivyo akilipwa 20,000 atafurahi kwamba amepata faida ya 11,500. Kumbe, kwa hesabu kamili, amepata hasara ya shilingi 6,000, na ameilipa kwa jasho lake. Waacheni watoto wabishane juu ya jambo hili. Wapo watakaosema kwamba jasho si gharama kwa kuwa halinunuliwi. Mwalimu asiwajibu haraka. Awaulize kijana huyo angelipwa nini kama saa zile 10 angelima shamba la mtu mwingine.

Linalofuata ni punguzo, na hapa ndipo mahesabu ya darasani hukutana na ulimi wa sokoni. Mteja mwenye viti vingi hudai kupunguziwa, aghalabu asilimia kumi, na asilimia kumi husikika kuwa kidogo. Lakini asilimia kumi ya 30,000 ni shilingi 3,000, na faida yote ilikuwa 4,000. Msafishaji ametoa sehemu tatu kati ya nne za faida yake kwa neno moja. Je, lipo punguzo la haki? Lipo, mradi litokane na gharama iliyopungua kweli. Nauli ya 4,000 ikigawanywa kwa nafasi 24 ni kama shilingi 167 kila moja. Zikiwa nafasi 48 za safari ile ile, ni kama 83. Tofauti hiyo yaweza kupewa mteja bila kumdhuru mtu. Vivyo hivyo mkataba wa kila miezi mitatu: kiti kinachosafishwa mara kwa mara hakishiki uchafu mwingi. Darasa likiona kwamba dakika zimeshuka kutoka 25 hadi 15, kazi ni saa 6, ujira ni 9,000, gharama yote ni 20,000, na mteja aweza kutozwa 24,000 huku faida ikibaki 4,000 ile ile.

Fanyeni mazungumzo hayo kwa maigizo, mmoja mwenye nyumba, wawili wasafishaji. Kiha na Kirundi vimekaribiana sana, na mapatano ya bei katika masoko yetu hufanyika kwa lugha hizo kwa ufasaha mkubwa. Mtoto aachwe abishane kwa lugha aliyolelewa nayo, lakini makisio ayaandike kwa Kiswahili: idadi ya nafasi, hali ya viti kabla ya kazi (mipasuko na madoa ya zamani yatajwe, ili asije akadaiwa nayo), bei, saa ya kumaliza, na malipo ya kutangulia. Ofisi hulipa baada ya kupokea ankara, pengine baada ya majuma kadhaa, ilhali muuza sabuni hangoji. Kwa mfano wetu, malipo ya kutangulia yasipungue zile shilingi 8,500, na stakabadhi itolewe.

Zoezi la nyumbani: Mkahawa una viti 9 vya mtu mmoja na makochi 3 ya watu wawili. Ni wakati wa mvua, na mwenye mkahawa anavitaka vikavu kabla ya jioni. Anasema anazo shilingi 15,000 tu. Mtakubali, mtakataa, au mtapunguza kazi? Onyesheni hesabu.

Kwa vipimo na bei zilizotumika hapo juu, gharama kabla ya akiba ni shilingi 16,975. Mwalimu apokee majibu yanayotofautiana. Kundi litakalopendekeza kuondoa vumbi kwenye nafasi zote na kupaka povu kwenye mikono na miegemeo tu, mahali panaposhika jasho na mafuta ya nywele, litakiwe kupima upya dakika za nafasi moja kabla ya kutaja bei.