Je, Tutume Picha Zetu kwa Kampuni za Ng'ambo?



Kikundi kimoja cha vijana tunachokitembelea kilitaka kutoa shilingi 60,000 kwa mfuko wao wanunue kamera. Walikuwa wamesikia kwamba kuna kampuni za ng'ambo zinazouza picha za mashamba, za soko na za watoto wa shule, na kwamba malipo huja kwa dola. Wakatuuliza, mradi huu ni wa kweli ama ni wa kuibiwa?

Ni wa kweli. Lakini kampuni inaweza kumfaa sana anayenunua picha na isimfae anayeipiga, kwa hivyo tulikaa nao siku nzima tukisoma masharti.

Kwanza, kampuni hainunui picha yako. Unaituma kwa intaneti, nayo inaiweka dukani mwake kama vile mwenye duka anavyokuwekea vikapu vyako. Mteja, pengine gazeti ama mwenye kutengeneza matangazo, analipia ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo ni leseni, na sehemu unayopata wewe ni mrabaha. Picha inabaki mali yako na inaweza kuuzwa mara nyingi.

Basi tazameni sehemu hiyo. Shutterstock, kampuni ya New York iliyoanza 2003, ilibadilisha malipo yake Juni 2020. Mpiga picha alianza kulipwa kwa ngazi, kutoka asilimia 15 hadi 40 kulingana na mauzo yake ya mwaka, na kila tarehe 1 Januari anarudishwa ngazi ya chini. Hebu fikirieni chama ambacho kila Januari kinawahesabu wote kuwa wanachama wapya! Adobe Stock hutoa asilimia 33 ya picha kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji. iStock hutoa asilimia 15 kwa anayeuza picha kwingine pia, na zaidi kwa anayekubali kuuza kwao peke yao.

Msidanganywe na asilimia. Ulizeni ni asilimia ya nini. Wateja wengi hulipa kwa mwezi na kuchukua picha chungu nzima, hivyo bei ya picha moja huwa ndogo sana. Kwa mpango wa Shutterstock, uzo moja linaweza kukuletea senti 10 za dola. Tena kampuni hazitumi pesa mpaka zifike kiasi fulani. Adobe Stock, kwa mfano, husubiri dola 25.

Mweka hazina wa vijana alichukua chaki. Dola 25 kwa senti 10 ni mauzo 250. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mauzo kwa wateja wa Marekani hukatwa asilimia 30. Kama wateja wote ni wa huko, zinabaki dola 17.50. Kwa kukadiria dola kuwa shilingi 130, hizo ni shilingi 2,275. Kurudisha 60,000 kwa bei hiyo ya chini kunahitaji mauzo zaidi ya 6,500. Kijana aliyeleta wazo alinyamaza kabisa, na tulimhurumia, kwani alikuwa na jicho zuri la picha.

Kuna jambo lingine lililotusumbua kuliko pesa. Mama mmoja tunayemfahamu alipigwa picha shambani kwake akicheka. Baadaye sura yake ilionekana kwenye tangazo la dawa ya ugonjwa ambao hana. Majirani walianza kumwangalia kwa namna nyingine, na hata wateja wake wa maziwa wakapungua. Alikuwa ametia sahihi karatasi bila kusomewa.

Karatasi hiyo ni kibali cha anayeonekana kwenye picha. Kampuni huidai kabla ya kuuza sura ya mtu kwa matangazo, na kwa mtoto ni mzazi ama mlezi anayetia sahihi. Bila kibali, picha huuzwa kwa habari na mafunzo tu. Ukiiondoa dukani baadaye, leseni zilizokwisha kuuzwa haziondoki. Kwa hivyo msomeeni mtu kibali kwa lugha yake, na mwambieni wazi kwamba hamtajua ni nani atakayenunua.

Angalieni pia kama picha zitafundishia kompyuta kutengeneza picha zenyewe, ile akili unde. Shutterstock ilitangaza mfuko wa kuwalipa wapiga picha kwa ajili hiyo mwaka 2022, na inaruhusu mtu kukataa. Kwingine huenda msiulizwe.

Vijana hawakununua kamera. Walichagua picha 40 za mimea, zana na barabara, zisizo na sura ya mtu, zilizopigwa kwa simu ambayo mmoja wao tayari alikuwa nayo. Wamekubaliana kuangalia hesabu baada ya miezi sita.

Ya kujadiliana kikundini: Akaunti ya malipo itakuwa kwa jina la nani, na akihama itakuwaje? Ni picha gani za kwenu ambazo hamngependa ziuzwe hata kwa bei kubwa? Yule anayeonekana kwenye picha atapata nini ikiuzwa?