Brugge, Mji Ulioachwa na Bahari

1. Mchana mrefu

Brugge ni mji wa Ubelgiji, upande wa kaskazini-magharibi, katika nchi tambarare iitwayo Flandre. Toka Bruxelles mpaka huko, treni huchukua muda wa saa moja hivi. Wenyeji husema Kiflamandi, na wengi hujua Kifaransa pia. Bahari iko mbali kidogo, kama kilometa 15. Zamani mkono wa bahari ulikaribia mji zaidi, nao ndio uliowalisha watu wake. Somo hili lamfuata msafiri mmoja aliyeutembelea mji huo kwa siku moja.

Msafiri huyo ni mwalimu wa Kongo aliyekwenda Ubelgiji kusoma. Kwao ni mji mdogo kando ya mto Lualaba. Zamani meli zilifika pale mara kwa mara, zikapakia mawese na mchele. Siku hizi hazifiki ila kwa nadra, na vijana wanahama. Alipokuwa Bruxelles akasikia kwamba Brugge nao uliachwa na meli, hata ukaitwa mji mfu. Lakini leo ni mzima. Akataka kujua: mji ukiachwa na meli, huishi kwa nini? Hakupata mwenzi wa kwenda naye. Basi siku moja ya mwezi wa sita akaondoka peke yake, mkate na chupa ya maji mkobani, na daftari mkononi.

Mwezi wa sita ni wakati wa joto katika Ulaya. Mahali palipo karibu na ikweta, kama Kisangani, mchana na usiku hulingana karibu sawasawa mwaka mzima. Lakini dunia imeinama kidogo katika mwendo wake wa kulizunguka jua, na mwezi wa sita upande wake wa kaskazini huelekea jua. Kwa hiyo mchana wa Brugge hudumu saa 16 na nusu, na jua huchwa karibu saa nne za usiku! Mwezi wa kumi na mbili mambo hugeuka: mchana ni wa saa 8 tu. Mwenye siku moja tu ya kutembea huchagua vema akienda mwezi wa sita.

2. Sokoni na mnarani

Msafiri alishuka kwenye treni saa tatu za asubuhi. Akatembea kwa miguu muda wa dakika ishirini, akafika kwenye uwanja uitwao Markt, maana yake Soko. Hapo unasimama mnara wa mji, urefu wake mita 83. Si mnara wa kanisa. Ni mnara wa raia. Ndani mna ngazi nyembamba ya kuzunguka, yenye vidato 366.

Mtu aendaye peke yake hana wa kumharakisha wala wa kumngoja. Akichoka hupumzika, akiona jambo husimama akatazama. Basi msafiri akapanda polepole, akihesabu. Njiani akaona chumba cha hazina, chenye malango ya chuma na makufuli mengi. Humo mji uliweka hati zake, yaani karatasi zilizoandikwa haki za raia na ahadi za watawala. Mwaka 1280 mnara uliungua, na maandiko mengi ya mji yakateketea. Baada ya hapo watu wa Brugge walijua thamani ya karatasi, wakazifungia vizuri.

Juu zaidi mna kengele 47. Zamani kengele ziliwaambia watu saa ya kuanza kazi, saa ya kufunga milango ya mji, na hatari ya moto. Hapo juu kabisa msafiri akaona mapaa mekundu, na mifereji ya maji ikizunguka kati ya nyumba. Upande wa kaskazini, mbali, akaona mwanga wa bahari.

Alipokwisha kushuka, akamkuta mzee ameketi kwenye benchi akilisha njiwa. Akamsalimu kwa heshima, akamwuliza:

– Mzee, samahani. Meli za zamani zilipakua wapi mizigo yao?

– Pale pale, bwana, akajibu mzee, akionyesha jumba kubwa kando ya uwanja. Mahali pa jumba hilo zamani palikuwa na ghala kubwa lililojengwa juu ya maji. Mashua ziliingia chini ya paa lake, hata mvua isiilowanishe mizigo. Mwaka 1787 wakalibomoa.

– Kwa nini walilibomoa?

– Mashua hazikuja tena. Ghala lisilo na mizigo ni la kazi gani?

Msafiri akaandika maneno hayo katika daftari lake.

3. Kazi ya mchanga

Saa sita za mchana jua likawa kali. Msafiri akala mkate wake kivulini, kisha akapanda mashua ya kuwatembeza wageni katika mifereji. Huko akajifunza habari za maji.

Mwaka 1134 tufani kubwa ilipasua pwani ya Flandre. Bahari ikaingia katika nchi, ikachimba mkono wa maji ulioitwa Zwin. Watu wa Brugge hawakukaa kulia tu. Walichimba mfereji mpaka kwenye maji hayo, wakajenga bandari ndogo huko Damme. Meli kubwa zilipakua mbali, na mashua ndogo zikaleta mizigo mpaka katikati ya mji.

Toka Uingereza ilikuja sufu, na wafumaji wa Flandre wakaifanya vitambaa vya bei kubwa. Mwaka 1277 meli za Genova, mji wa Italia, zilifika kwa njia ya bahari. Wafanyabiashara wa nchi nyingi wakakutana Brugge. Palikuwa na nyumba ya wageni ya jamaa iliyoitwa Van der Beurze. Wafanyabiashara walikutana mbele yake kupatana bei na kubadili fedha. Husemwa kwamba neno la Kifaransa « bourse », yaani soko la fedha, limetoka katika jina la jamaa hiyo.

Lakini kila maji yalipoingia Zwin na kutoka, yaliacha mchanga kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka mmoja hakuna aliyeona tofauti. Baada ya miaka mia mbili na zaidi, meli kubwa zilikwama. Watu wakachimba, mchanga ukarudi.

Tena mchanga haukufanya kazi hiyo peke yake. Mwaka 1488 watu wa Brugge waligombana na mtawala wao Maximilian, wakamfunga muda wa miezi mitatu hivi. Alipofunguliwa, akawapendelea watu wa mji mwingine, Antwerpen. Vilevile vyama vya mafundi wa Brugge vilikataa vitambaa vya Uingereza, ili kulinda kazi yao. Antwerpen ulivipokea. Wafanyabiashara wakaufuata mlango uliokuwa wazi. Hivyo Brugge uliachwa kwa sababu tatu: mchanga, ugomvi, na kukataa kubadili desturi za kazi.

4. Miaka ya njaa

Watu wakiona nyumba nzuri za Brugge hudhani kwamba mji huo ulikuwa na raha siku zote. Sivyo. Katika miaka ya 1840 viazi vilioza mashambani, na kazi ya kufuma kwa mkono ikashindwa na mashine. Njaa ikaingia Flandre. Watu wengi wa Brugge waliishi kwa sadaka. Wanawake na wasichana walishinda wameinama juu ya mito midogo, wakisokota nyuzi nyembamba kufanya lesi, kitambaa chepesi kama utando wa buibui. Matajiri walikivaa, aliyekifanya alipata senti chache.

Umaskini huo ndio uliohifadhi nyumba za zamani. Miji mingine ilipata mali, ikabomoa na kujenga upya. Brugge haukuwa na fedha za kubomoa. Mwaka 1892 mwandishi Georges Rodenbach akatoa kitabu, akakiita Bruges-la-Morte, yaani Brugge Mfu. Wageni wengi wakaja kuutazama mji huo uliolala.

5. Mambo yasiyochukuliwa na mchanga

Mchana, msafiri akaingia katika Hospitali ya zamani ya Mtakatifu Yoane. Ilianza katika karne ya 12. Mabruda na masista waliwapokea humo wagonjwa, mahujaji na wasafiri wasio na pa kulala. Mji ulipokuwa tajiri, hospitali ilifanya kazi. Mji ulipokuwa maskini, hospitali ilifanya kazi. Wagonjwa walihamishiwa hospitali mpya katika miaka ya 1970 tu. Leo chumba kikubwa cha wagonjwa ni nyumba ya kumbukumbu, na ndani yake mna sanduku la mbao lililopambwa kwa picha za Mtakatifu Ursula, kazi ya mchoraji Hans Memling, ya mwaka 1489.

Ng'ambo ya njia liko kanisa la Mama Yetu, ambalo mnara wake wa matofali unapita mita 110. Humo msafiri akasimama mbele ya sanamu ya marumaru nyeupe: Bikira Maria na Mtoto wake, kazi ya Michelangelo, mwanzoni mwa karne ya 16. Wafanyabiashara wa vitambaa wa Brugge waliinunua wakati bandari ilipokuwa imekwisha kudhoofika. Mwaka 1794 askari wa Ufaransa waliichukua, ikarudishwa. Mwaka 1944 askari wa Ujerumani waliichukua tena. Mwaka 1945 ikaonekana katika machimbo ya chumvi huko Austria, ikarudishwa mara ya pili. Mbele yake msafiri hakuandika kitu. Alikaa kimya tu.

6. Mlango mpya

Je, Brugge ulipata tena bahari yake? Ndiyo, lakini kwa mlango mwingine. Mwaka 1907 ilifunguliwa bandari mpya pwani, Zeebrugge, pamoja na mfereji wa kufika karibu na mji. Mfalme wa Ubelgiji wakati huo alikuwa Leopold II, yule ambaye wazee wa Kongo walimjua kwa kazi ya lazima ya mpira na kwa mateso yake. Msafiri alilisoma jina hilo, akalipiga mstari katika daftari. Mwaka 2022 bandari ya Zeebrugge na ile ya Antwerpen zikaunganishwa kuwa bandari moja. Miji iliyoshindana zamani sasa yafanya kazi pamoja!

Katikati ya mji, chakula cha leo ni wageni. Wakati wa joto huja wengi hata njia zikajaa. Wageni nao ni kama maji: huleta mali, na huweza kuleta mchanga. Nyumba za wenyeji zikigeuzwa zote kuwa za wageni, wenyeji watakaa wapi? Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, wageni hawakuja, na wenye maduka na mashua wakabaki bila kazi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Jioni msafiri akashika njia ya kurudi. Karibu na kituo cha treni kuna ua wenye miti mirefu na nyumba nyeupe, uitwao Begijnhof. Ulianzishwa karibu mwaka 1245 kwa ajili ya wanawake waliotaka kusali na kuishi kwa kazi ya mikono yao. Tangu mwaka 1927 wakaa humo masista Wabenedikto. Hapo msafiri akaketi kidogo, akaandika jibu la swali lake:

« Mji ukiachwa na meli, haufi siku ile. Huishi kwa watu wanaobaki wakiwatunza wagonjwa, wakihifadhi hati zao, wakifundisha kazi ya mikono. Lakini njaa ya Brugge ilikuwa ndefu mno. Ni afadhali kuutazama mchanga ungali kidogo, na kutafuta njia ya pili kabla ya ile ya kwanza kufungwa. »

Saa tatu za usiku, jua lingali juu ya mapaa, akapanda treni.

Mafundisho

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini anayeokota ni yule aendaye na swali moyoni. Aendaye bila swali huona mawe na maji. Mwenye swali huona kazi ya watu. Kila mji una mto wake, na kila mto una mchanga wake.

Maneno

Mkono wa bahari: maji ya bahari yanayoingia ndani ya nchi.
Sufu: manyoya ya kondoo.
Hati: karatasi yenye ahadi au haki.
Marumaru: jiwe gumu la kuchongea sanamu.
Vidato: mahali pa kukanyaga katika ngazi.

Maswali

1. Kwa nini mchana wa mwezi wa sita ni mrefu huko Brugge kuliko Kisangani?
2. Taja sababu tatu zilizofanya wafanyabiashara wauache mji.
3. Umaskini ulihifadhije nyumba za zamani? Nani walilipa kwa taabu yao?
4. Kwa nini wageni wanafananishwa na maji?
5. Fikiri juu ya mji au kijiji chako. Watu wake huishi kwa kazi gani? Kazi hiyo ikikoma, watashika ipi? Andika mistari kumi.