Somo: Pombe ya Chupa Isiyotoa Povu



Mshahara ukiisha kabla ya mwezi, nyumba nyingi za Bujumbura, toka Buyenzi mpaka Kamenge, huuza urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Tukiitia chupani hukaa siku nyingi zaidi. Lakini mnunuzi akifungua chupa isitoe hata povu, harudi tena. Hapo wengi wetu hukimbilia kuongeza sukari. Tujifunze kwa nini sukari huja mwisho.

Chachu ni kitu chenye uhai. Hula sukari, ikatoa kileo na gesi. Kifuniko kikiizuia gesi, huingia katika pombe. Chupa ikifunguliwa, hutoka kwa povu. Basi tukague mambo manne, moja baada ya jingine.

1. Kifuniko. Inamisha mdomo wa chupa ndani ya maji. Ukiona vipovu vikipanda, kifuniko kinavuja. Vifuniko vya bati vilivyokwisha kung'olewa havibani vizuri tena.

2. Joto. Hapa mjini, kando ya Ziwa Tanganyika, wiki 1 au 2 hutosha. Kwa wenzetu wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura, kwenye baridi ya milimani, chachu hulala. Waweke chupa mahali penye vuguvugu, wangoje wiki 3 au 4.

3. Chachu. Pombe iliyochemshwa baada ya kuiva, chachu yake imekufa. Tia chembe chache za hamira kavu katika kila chupa, pamoja na sukari ya kipimo kifuatacho.

4. Sukari. Ongeza tu kama pombe imenyamaza na haina utamu tena. Kipimo ni gramu 6 kwa lita: gramu 120 kwa bidoni la lita 20, au kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa chupa ya sentilita 72. Kwa bidoni, yeyusha sukari katika maji yaliyochemka, yapoe, kisha koroga pombe yote kabla ya kuitia chupani.

Hatari! Urwarwa wa siku mbili tatu bado ni mtamu. Haujamaliza sukari yake. Ukifungiwa humo, gesi huzidi na chupa hupasuka, vigae vikaruka machoni mwa watoto. Tumia chupa nzito za bia au soda tu. Kila mara jaza pia chupa moja ya plastiki, uiweke pamoja na zile nyingine. Ukiibonyeza ikawa ngumu, gesi imetosha: peleka zote mahali pa baridi. Ikiwa ngumu kama jiwe, funika za kioo kwa gunia bichi, zipoe, kisha fungua moja moja polepole, uso ukiwa mbali.

Kiwandani tunadai miwani ya kukinga macho. Nyumbani nako macho ni yale yale.

Swali la kujadili: Chupa za jirani hazitoi povu, naye anataka kuongeza sukari. Tumwambie akague nini kwanza?